Jembe Lililokuja kwa Jina la Mwingine

Jembe lilipofika kwetu Songo, mtaa wa Uvira, mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kulishika. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Shule ya masista niliiacha darasa la nne, kwa sababu baba alikufa na mama alihitaji mikono, lakini tamaa ya kusoma haikuniacha. Kila chenye maandishi nilikisoma: gunia la chumvi, kopo la maziwa, ukuta wa bilo, ile ofisi ya serikali. Basi na jembe nikalisoma. Karibu na tundu la mpini palikuwa na herufi za kampuni ya pamba, zimepigwa ndani ya chuma chenyewe. Nikazisoma kwa sauti, nikafurahi kwamba nimeweza.

Kama siku ile ningalimwonyesha mama herufi zile, watu wawili wangalikuwa hai leo. Nalisema mapema ili mtu asidhani naandika kujisifu.

Kwetu mwanaume haji mwenyewe kuomba mke. Anamtuma mshenga, na mshenga ndiye mdomo wake mpaka mwisho. Mshenga analeta jembe, linatundikwa ukutani juu ya kitanda cha msichana, na likishatundikwa nyumba imekubali. Baada ya hapo mwanaume hakanyagi ua wa wakwe. Akikutana na mama mkwe njiani anaacha njia, anapita majanini kama mbuzi. Na hata akimwona mchumba wake kila siku, hawezi kumwuliza, “Mbuzi wangu alifika?” Hiyo ni aibu ambayo ungeisikia mpaka Kalundu. Mambo ya posa ni ya mshenga. Wengine wote tunaangalia chini.

Mshenga aliyeleta jembe la yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa mtu wa kalamu. Nitamwita hivyo. Alikuwa na kalamu nne mfukoni mwa shati, mbili hazina wino. Alizuka hapa Uvira mwaka wa uhuru, wazungu walipofunga masanduku yao. Inasemwa aliingia bilo iliyobaki wazi, akaketi nyuma ya meza, na kwa wiki nzima watu wakapanga mstari mbele yake bila mtu kumwuliza amewekwa na nani. Mimi naamini. Alikuwa na namna ya kukunja miguu ambayo ilikufanya uone ni wewe umechelewa.

Na nilimpenda, nisidanganye. Alikuwa ananipa barua za watu nizisome, kisha anapiga makofi. “Huyu mutoto ataandika barua na mashini kule Bukavu! Atavaa kiatu ya juu, ko-ko-ko!” Na mimi nikiwa natwanga sombe, majani ya muhogo, nilikuwa naisikia ile ko-ko-ko ndani ya kinu.

Siku ya jembe, alilolileta kwa jina la mvuvi, nilimfuata mpaka kwenye ua wa michongoma. Nikamwuliza, “Bwana, sababu ya nini jembe ya muvuvi iko na herufi za pamba?”

Alisimama. Akanitazama kama mtu aliyekuta sarafu kwenye supu. Halafu akacheka.

“Umeona? Mama yako haikuona. Yaya yako haikuona. Akili kama hii iko ya bilo, haiko ya barabara. Basi usiitupe barabarani. Kuna meza moja Bukavu, mashini iko juu yake, kiti iko wazi. Nikisikia mdomo yako imefungwa, ile kiti ni ya weye.”

Nikaufunga. Niliuza neno langu kwa kiti ambacho hakikuwepo.

Sasa niwaeleze wanaume wawili, maana watu wamewachanganya sana.

Wa kwanza alikuwa mvuvi wa ndagala, wale dagaa wetu, hapa hapa ziwani. Asubuhi mitumbwi inaporudi, wanawake tunangoja mchangani na vitunga, tunapokea samaki tukiwamwaga chini wakauke. Yeye alikuwa anaanza kupiga kelele kabla mtumbwi haujagusa nchi. “Shemeki mudogo! Sema yaya yako ainue kichwa, ndagala zinamwogopa!” Yaya hainui kichwa, lakini mabega yake yanacheka. Yaya yangu alimpenda mtu huyu, na alimpenda yeye peke yake. Mtu wa kalamu alipokuja kusema, “Natumwa na mvuvi,” yaya aliingia ndani kulia kwa furaha, nami nikalia naye kwa sababu sijui kumwacha mtu alie peke yake.

Wa pili alikuwa mpimaji kwenye depo ya pamba, Kiringye, kule bondeni, alikozaliwa mama. Kila msimu tulienda kulima shamba la mama yake na kupeleka pamba kwenye mizani yake. Alikuwa mtu wa kimya, shati jeupe, kisu kidogo kiunoni cha kukatia kamba za magunia. Hakumwibia mama uzito hata siku moja, na hilo kwa wapimaji ni jambo la kusimulia. Mwaka mmoja yaya alimwambia, “Mambo, kaka. Kazi inaendelea?” Basi. Maneno manne. Yule mtu akayachukua akayaweka ndani kama mbegu, akayamwagilia mwaka mzima.

Halafu, kwa vile naye alikuwa mwanaume mwenye adabu, akatafuta mshenga. Na nani alikuwa anapita Kiringye kwa baiskeli, akiandikia watu barua na kujua kila nyumba ya Uvira? Mtu wa kalamu.

Mmeelewa sasa. Mwanaume mmoja ziwani, mwingine bondeni, siku nzima ya baiskeli katikati, na mdomo mmoja kwa wote wawili. Huku alisema, “Natumwa na mvuvi.” Kule alisema, “Wakwe wamekubali, jembe lako limetundikwa.” Na kweli lilitundikwa! Jembe la mpimaji, kwa jina la mvuvi. Jembe la mvuvi sijui lilienda wapi. Mbuzi mmoja alitufikia na wengine walipotelea njiani. Na hakuna aliyeweza kuuliza, kwa sababu kuuliza ni aibu. Yeye alijificha ndani ya adabu yetu kama chawa ndani ya mshono.

Ingeweza kwenda hivyo muda mrefu. Lakini mwaka wa nne baada ya uhuru wapiganaji walishuka milimani, wakachukua mji, askari wa serikali wakakimbia. Depo za bondeni zikafungwa. Mpimaji akawa hana cha kupima, na mtu asiye na kazi anakumbuka mambo yake. Akamwambia mshenga, “Sasa namutaka bibi yangu.” Akamwambia mara ya pili. Mara ya tatu akamshika kola.

Mtu wa kalamu alikuwa amepata cheo kipya: kashe, yaani muhuri wa wapiganaji, mfukoni, majani ya mtende kichwani, pasi za barabara zote zinapita mkononi mwake. Mtu kama huyo hawezi kushikwa kola mara ya nne. Akamjibu kwa huzuni kubwa (hayo mpimaji aliyasema mwenyewe baadaye mbele ya watu), “Ndugu yangu, nilikuwa nakuficha. Wakwe wako tayari. Lakini kuna muvuvi mumoja amemushika bibi yako kwa nguvu, anamulala, na kila asubuhi anakutukana pale muchanga, anasema weye iko gunia bila pamba. Minye ningekuwa weye…” Na hakumaliza. Hiyo ndiyo kazi yake ilivyokuwa. Hakumaliza maneno, aliwaacha wengine wayamalize.

Alimwandikia na pasi ya kupita vizuizi vyote.

Mpimaji alifika mchangani asubuhi, jua limeshapanda kidogo, ndagala wameshamwagwa, mchanga wote unang’aa kama kioo. Alikuwa na shati jeupe lenye vumbi la njia nzima. Mvuvi alikuwa amechuchumaa anashona wavu. Mimi na yaya tulikuwa hatua kumi kutoka pale.

“Weye njo unakaa na bibi yangu?” mpimaji akauliza.

Mvuvi akainua macho. Hakumjua. Na kwa sababu alikuwa mtu wa mzaha toka tumboni, akafikiri ni mzaha.

“Bibi yako?” akasema. “Tafuta vizuri, labda ulimusahau ndani ya gunia!”

Wanawake wakacheka. Na mimi nilicheka. Neno gunia ndilo lilimuua. Alilisema kwa bahati mbaya tu, kwa sababu alimwona mtu mwenye kisu cha magunia, lakini mwenzake alikuwa ameshaambiwa kwamba atalisikia.

Kisu kile ni kidogo. Kilitosha.

Sitaandika zaidi juu ya hapo, ila hili: yaya aliketi na kichwa cha mvuvi mapajani, ndagala wameshikamana na nywele zake, na mpimaji alibaki amesimama, mikono inaning’inia, akisema, “Wamama, minye njo bwana yake. Muulizeni mushenga. Minye njo bwana yake.” Hakukimbia. Wapiganaji walimfunga kama mtu anayefunga mzigo uliolala.

Kesho yake walikuja kumchukua yaya.

Ndiyo. Mtu wa kalamu alikuwa na hesabu yake. Mmoja amekufa, mwingine atauawa, akabaki yaya, ambaye siku moja akiacha kulia atauliza. Akaenda kwa komanda akasema mwanamke huyu amekula posa za wanaume wawili, amewagonganisha makusudi, na tangu aanze umalaya wake dawa ya wapiganaji inapoteza nguvu. Hilo la dawa ndilo lilikuwa la kuua. Wapiganaji walikuwa wamenyunyiziwa maji ambayo, kwa imani yao, yanageuza risasi kuwa maji. Lakini yalikuwa na masharti, na la kwanza ni kutoguswa na mwanamke. Kwa lawama ya kuharibu dawa, watu walikuwa wanachukuliwa na hawarudi.

Hukumu iliwekwa uwanja wa mpira, siku ya tatu, asubuhi, mji wote ukaitwa. Komanda alikuwa kijana, miwani nyeusi, ameketi kwenye kiti cha mwalimu wangu. Nilikijua kwa mguu wake uliofungwa waya. Mpimaji amefungwa upande huu, yaya amefungwa upande ule. Mtu wa kalamu akasimama katikati akasema vizuri sana. Kama nisingalijua ningalipiga makofi.

“Nani iko na neno?” komanda akauliza.

Watu elfu na miguu yao, hakuna mwenye mdomo. Mama alikuwa pembeni yangu, anaangalia chini. Na mimi, na mbona nilifiche, mimi nilikuwa nawaza kile kiti cha Bukavu. Nilikuwa nakiona: meza, mashini, dirisha. Nikaona na mtu aliyeketi pale. Alikuwa mimi, na alikuwa hana yaya.

Nikageuka nikakimbia nyumbani. Si mbali. Nikapanda kitandani kwa yaya na viatu, nikalitoa jembe ukutani, nikarudi nalo begani.

Wapiganaji wa zamu wakanyoosha mikuki. “Simama!”

Sikusimama. Nikaendelea kutembea moja kwa moja kifuani mwao, na hapo nikaona kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nacheka peke yangu: wanaume wazima, wenye mikuki, wanaruka nyuma kama wamemwagiwa uji wa moto. “Usinigusa! Weye mwanamuke, usinigusa! Dawa yangu!” Mmoja alianguka kabisa. Mimi nikatanua viwiko kidogo. Njia ikafunguka mpaka kwenye kiti cha mwalimu, na uwanja ukaanza kucheka, kicheko cha kwanza tangu mji uchukuliwe.

Komanda mwenyewe alivuta miguu chini ya kiti.

“Weye iko nani?”

“Minye mudogo wake.”

“Na jembe ya nini? Unakuja kutulima?”

“Nakuja kusoma, Komanda.”

Nikainua jembe, nikazisoma zile herufi kwa sauti, moja moja, kama tulivyosomeshwa na masista. Kisha nikamgeukia mpimaji. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alikuwa amemuua shemeji yangu, na bado nilipomwona hivyo moyo ulinilegea. Nikamwita kaka.

“Kaka, hii jembe iko ya nani?”

Akalitazama tundu la mpini. “Iko yangu. Nilipewa pale depo.”

“Ulimupa nani?”

Akaonyesha kwa kidevu, maana mikono ilifungwa. Uwanja ukageuka kumtazama mtu wa kalamu.

“Na kwetu,” nikasema, “huyu bwana alileta hii jembe akisema imetumwa na muvuvi. Yaya yangu hakula posa za watu wawili. Alijua mutu mumoja tu, na huyo mumemuzika juzi.”

Mtu wa kalamu akatabasamu, kalamu zake zinang’aa juani. “Komanda, majembe ya kampuni yamejaa inchi yote. Na huyu mutoto hajui kusoma, alifukuzwa masomo.”

“Mbona uliniambia akili yangu iko ya bilo?” nikamwambia. “Bukavu iko wapi sasa? Kiti yangu iko wapi?”

Watu wakapiga ukelele. Mwanamke mmoja wa samaki akaita toka nyuma, “Mupe kiti, bwana! Mupe mutoto kiti yake!”

Lakini komanda hakucheka. “Jembe ziko mingi kweli,” akasema. Nikakwama, kwa sababu mpaka hapo ndipo nilipokuwa nimefikiri. Sikuwa na kitu kingine.

Mpimaji ndiye akasema. Polepole, kama mtu anayesoma mizani. “Mutoe mupini. Ulikuwa unacheza. Nilikata kipande ya gunia ya depo, nikashindilia mu tundu. Iko na wino ya buluu.”

Wakapiga jembe juu ya jiwe mara mbili. Mpini ukatoka, na ndani ya tundu kikatoka kipande cha gunia, kimekunjwa mara tatu kwa adabu, wino wa buluu wa depo ungali juu yake. Komanda akakishika, akakitazama, akamtazama mtu wa kalamu. Kwa mara ya kwanza nikaona ile miguu haijui ikunjike vipi.

“Mufungue huyu mwanamuke,” komanda akasema.

Hakuna aliyesogea. Walimfunga asubuhi kwa kumrushia kamba toka mbali, sasa nani atamgusa kumfungua? Basi nikamfungua mwenyewe.

Natamani niandike kwamba mtu wa kalamu aliadhibiwa. Watu wananiambia ningeandika hivyo, nani atajua? Sitaandika. Komanda alimwambia, “Tutaongea mu bilo,” na kule bilo waliongea, na jioni alitoka na kashe yake mfukoni. Kati yao wote hakukuwa na mwingine wa kuandika pasi. Askari wa serikali waliporudi, alikuwa kando ya barabara na bendera mkononi, ameoga.

Mpimaji walimpeleka upande wa mto Ruzizi, walikokuwa wakiwaua watu. Alipopitishwa mbele yetu alisimama, wakamwacha asimame. Akamwambia yaya, “Hata ile salamu? Ile ya mu depo?”

Yaya alikuwa na damu ya mchumba wake ingali kwenye mshono wa kitenge. Angeweza kumtemea mate na mji wote ungesema sawa.

“Ilikuwa salamu, kaka,” akasema. “Nilikuwa nakusalimia.”

Akaitika kwa kichwa, akaenda.

Baada ya hapo tulishauriwa tuhame. Nyumba ya wanaume wawili, walisema. Wanawake wa mchangani walisogeza ndagala zao mbali na zetu. Mama alitaka kwenda Kiringye, akae na mama yake. Yaya akakataa. Alimwaga ndagala zake pale pale mvuvi alipoangukia, kila asubuhi, kichwa kimeinuliwa, na aliyetaka kutazama alitazama. Mimi niliketi pembeni yake nikiimba kwa sauti yangu mbaya. Ilichukua misimu miwili, wakarudi mmoja mmoja na vitunga vyao, wakijifanya hawakuondoka.

Jembe tulilirudisha Kiringye sisi wawili kwa miguu, kwa mama yake mpimaji. Mama mzee alilishika, akapapasa tundu, akaliweka tena mikononi mwa yaya. “Mwanangu alilituma kwenu,” akasema. “Limefika.” Tukamlimia kipande cha muhogo nyuma ya nyumba, tukarudi nalo.

Sasa nina miaka ishirini. Bukavu sijaiona bado, lakini nitaiona. Nimepata kitabu cha mashini ya kuandikia chenye picha ya vidole, na najifunza juu ya ubao niliochora herufi kwa makaa. Ko-ko-ko. Ubao nao unalia, ukiupiga vizuri.

Mwezi uliopita tulikuwa shambani, mlimani juu ya Songo, jua la mchana. Mtu akapanda kwa kijia, koti jipya, kalamu sita. Akatusalimia kama mjomba. Akasema ametumwa. Kuna kijana mmoja mwenye kazi nzuri, ameniona kanisani, hali chakula, halali usingizi.

Mama akaanza kuangalia chini. Ni mazoea, simlaumu.

“Mwambie,” nikasema, “mutu akinitaka, iko na miguu. Aje. Nitamuuliza mwenyewe ametuma nini, na yeye ataniuliza mwenyewe nimepokea nini. Tutaulizana mbele ya mama, mchana kama hivi.”

“Mutoto,” akasema, “hiyo haiko desturi.”

“Basi inaanza leo.”

Akamgeukia yaya, akijua yaya ni mpole. Yaya alikuwa ameegemea lile jembe, chuma kimelika nusu, herufi mbili tu zimebaki. Akalishika kwa mikono miwili, akamnyooshea mpini, kwa adabu yote, kama mtu anayempokea mgeni.

“Karibu, mushenga,” akasema. “Shika. Unalijua.”

Tulingoja. Mama naye akainua macho, akangoja. Mtu wa kalamu akautazama mkono wake, akauweka mfukoni na zile kalamu, akashuka mlima. Yaya akageuza jembe, tukaendelea na tuta tulipoliachia.